Cheti Chenye K Kumi na Moja

Kuna watu wakiingia nyumba ya watu huangalia makochi. Wengine huchungulia jikoni. Bi Lenzi yeye huangalia ukutani, na akiona cheti kimetundikwa, salamu zitasubiri. Atasogea mpaka pua iguse kioo cha fremu, atatoa kwenye mkoba lenzi yake ya mpini mweusi, na mwenye nyumba atabaki kanyoosha mkono wa kuamkia hewani kama mtu anayepima mvua. Marafiki zake wamemzoea. Jirani yake mmoja alimwambia waziwazi, "Mwenzangu, ukija kwangu njoo bila hilo jicho lako la tatu, mimi cheti changu cha ushonaji nilikipata kwa kulia."

Jina alipewa kazini, likamganda. Miaka ishirini na miwili sasa anakaa chumba kimoja cha ghorofa ya pili chenye meza mbili, makabati manne ya chuma na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kazi yake ni kuhakiki vyeti vya watumishi. Ana mihuri miwili mezani, wa bluu na mwekundu. Wa bluu ukitua kwenye faili lako, unaendelea na maisha. Mwekundu ukitua, una siku ishirini na moja za kukata rufaa, na zikipita hujafua dafu, fungasha, kazi huna. Na wala msidhani huyu mama alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na macho tu, na macho yale yalikuwa hayajawahi kukosea. Alijua hivyo, na wenzake walijua kwamba anajua.

Lakini siri yake, kama ni siri, ni kwamba vyeti vyenyewe havikumshughulisha sana. Alipenda herufi. Si hizi za kila siku, la; zile nene, nyeusi, zenye kona na ncha, zinazoandikwa juu ya vyeti mpaka unadhani kuna mtu kazipanga kwa miba. Waliosomea huziita herufi za Kigothi. Yeye aliziita herufi za miba tangu ana miaka saba, siku alipokiona cheti cha udereva cha baba yake. Darasani alikuwa anaongoza kwa kusoma, akajaribu kukisoma kile, ulimi ukagoma.

"Baba, hapa wameandika nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui? Si cheti chako?"

"Ni changu, na siwezi kukisoma. Ndiyo maana kina thamani. Kingekuwa kinasomeka, si kila mtu angekuwa nacho?"

Jibu hilo lilimkaa rohoni. Alikua akizitafuta herufi zile popote: kichwa cha gazeti, lebo ya chupa, nyuma ya lori, kofia za vijana wa mjini. Akagundua kwamba hazina duara hata moja. Penye duara, kalamu ya mwanzo iliyozibuni ilikata kona. Akagundua kwamba m, n, u na i za aina hiyo zikikaa pamoja hazitofautiani, ni fito tupu, hivyo neno "mwanamume" husimama pale kama ua wa shamba. Na akagundua kwamba ole wako uziandike kubwa zote. Mtaani kwao kinyozi mmoja aliandika jina la duka lake lote kwa herufi kubwa za miba, akijiona kapatia. Mwezi mzima watu wakipita wanashusha sauti, wakidhani pale panauzwa majeneza.

Mume wake, fundi wa kutengeneza vyerehani asiyependa makuu, alikuwa akisikiliza habari hizi huku akikaza skrubu. "Sawa, mama," atasema. "Ila na mimi unanitazama sana siku hizi. Unanihakiki?"

Basi. Siku moja likaja faili la mkunga.

Ilikuwa nakala tu, maana mafaili yana nakala. Vyeti halisi wenyewe wanavyo nyumbani. Chuo alichosoma kilikuwa kimefungwa zamani, na kumbukumbu zake paa lilivuja, mchwa wakamalizia. Hapakuwa na cheti cha mfano cha kulinganishia. Bi Lenzi hakuhangaika. Alikuwa na kielelezo chake mwenyewe, nyumbani kabisa: wifi yake, dada wa mume, alihitimu chuo hichohicho mwaka huohuo, na cheti chake kilikuwa sebuleni kwake juu ya televisheni, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Bi Lenzi alikuwa amekipiga picha kwa simu zamani. Kwa picha ile alikuwa amekwisha kupitisha vyeti viwili vya mwaka ule. Cha wifi chenyewe kilihakikiwa na mwenzake wa meza ya pili, maana sheria haimruhusu mtu kumhakiki ndugu, lakini naye alitumia picha ileile.

Akashika lenzi. Cheti kilisema hivi, kwa herufi za miba: *Hiki ni cheti cha kuthibitisha kwamba aliyetajwa hapa amekamilisha kikamilifu mafunzo ya miaka mitatu na kufaulu katika Uuguzi na Ukunga.* Akahesabu k, kama ilivyo desturi yake, maana k ni herufi ngumu na waghushi hukwama hapo. Zilikuwa kumi na moja. Saba za mwanzo zilikuwa safi, mguu wa chini umerushwa nje kulia. Kuanzia neno "kufaulu" hadi mwisho, k nne, mguu ulikuwa umepinda kwa ndani. Kwenye picha ya wifi, zote kumi na moja zilirusha mguu nje.

Sasa herufi za chapa, k zote hutoka kwenye kalibu moja. Ni mapacha. Zikitofautiana, mtu kakata kipande hapa akabandika na kipande cha pale. "Kufaulu katika Uuguzi na Ukunga" ndipo penyewe hasa ambapo mwizi angebandika! Bi Lenzi akatabasamu. Akainua muhuri mwekundu, akapiga pa!

Siku ya kumi na mbili baada ya barua kutumwa, mlango uligongwa. Akaingia mwanamke mfupi, mabega mapana, viatu vyeupe vya mpira miguuni, umri sawa na wake au zaidi kidogo. Hakulia, hakutukana. Bi Lenzi alikuwa amezoea yote mawili.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri. Karibu kiti."

"Mimi ndiye yule mkunga. Nimepata barua inasema cheti changu si halali. Tarishi aliyeileta nilimpokea mimi mwenyewe alipozaliwa, alikuwa anatetemeka kunikabidhi. Nimeisoma mara mbili, haisemi kwa nini. Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Umeona nini?"

Miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Lenzi swali hilo! Watu huuliza nitakula nini, watoto wangu wataendaje, unajua mimi ni nani. Huyu anauliza ameona nini. Bi Lenzi, na hapa namsema ukweli, alifurahi. Akavuta kiti, akamwonyesha k moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayemwonyesha mgeni maua yake.

Mkunga akainama, akatazama, kisha akaangua kicheko.

"Hizi? Mungu wangu, hizi k za miguu ya ndani! Dada, hizi darasa letu zima tulikuwa nazo. Siku ya mahafali tulizicheka mpaka mkuu wa chuo akatufokea jukwaani."

"Darasa zima?"

"Wote thelathini na mmoja. Zilinichefua, nakwambia. Miaka mitatu ya kukesha wodini halafu unapewa cheti kinachochechemea."

Akafungua bahasha ya plastiki, akatoa cheti chenyewe. Bi Lenzi akakipokea, na kabla hajakitazama, vidole vyake vilikuwa vimeshajua. Nyuma ya karatasi palikuwa na vijivimbe vidogo, mstari kwa mstari. Herufi za madini ya risasi zikigandamizwa na mtambo huing'ata karatasi, na karatasi haisahau. Alipitisha kidole kwenye mgongo wa neno "kufaulu". Limeng'atwa. "Katika", limeng'atwa. Hapakuwa na kiraka popote.

"Zimebaki siku tisa," alisema mkunga, akisimama. "Baada ya hapo, miaka ishirini na saba yangu inakuwa sikuwahi kuwa mkunga. Sasa wale watoto niliwapokea nikiwa nani? Hebu nitafutie jibu, wewe mwenye jicho."

Akaenda zake, cheti akakiacha mezani kwa uchunguzi. Bi Lenzi alikaa na nakala ile mpaka chai yake ikapoa na kufanya utando. Haikuingia akilini. Kama darasa zima lilikuwa na k mbovu, mbona wifi anazo nzuri? Na kama wifi anazo nzuri, huyu mkunga karatasi yake iling'atwa na nani? Udadisi ukamkaba kama mwiba wa samaki kooni, haushuki wala hautoki.

Pembeni kabisa mwa cheti, chini, kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kuliko sisimizi: jina la kiwanda cha uchapaji na mtaa wake. Kesho yake saa ya mapumziko alikwenda. Kiwanda hakikuwepo, jengo lilikuwa linauza vigae vya sakafu. Muuza vigae hakujua lolote, ila alijua kwamba mtaa wa pili kuna dada anachapa fulana na kadi, na baba yake ndiye aliyekuwa mpanga herufi hapo zamani, "na ukimkuta, mama, jiandae kusikiliza."

Hakudanganya. Nyuma ya duka la yule dada, kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka, alikaa mzee mwembamba mwenye vidole vyeusi kuchani, anagombana na mtangazaji wa mpira redioni. Mtaa mzima ulimwita Mzee Risasi. Hakuwa na hekima yoyote ya kugawa, alikuwa na majigambo tu, na hayo aligawa bure.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni fulana, muone binti. Mimi nimestaafu. Kazi yangu sasa ni kubishana na huyu mjinga anayesema lile lilikuwa goli."

Bi Lenzi akampa cheti cha mkunga, alichoachiwa kwa ajili ya uchunguzi. Mzee hakutafuta miwani. Akakigeuza, akapapasa mgongo kwa dole gumba, akazima redio.

"Hiki changu." Akakigeuza tena, akakisogeza mbali na macho, na kicheko kikamtoka hadi akakohoa. "Ha! K zangu za magendo! Zipo bado! Binti, njoo uone, baba yako yuko kwenye cheti!"

"Kwa nini za magendo, mzee?" Bi Lenzi akasogea karibu.

"Wewe unadhani herufi hizi zilitengenezwa hapa? Zilitoka ng'ambo, kwenye makasha, zimehesabiwa tayari kwa lugha ya wenyewe. Wao e kwao ni kama maji, wamekupa e mpaka unazikanyaga. K hawana shida nazo. Unajua walitupa k ngapi za saizi hii? Saba! Mtu anayeongea Kiswahili unampa k saba, si umemziba mdomo kabisa? Hebu sema sentensi moja hapa bila k. Haya, sema."

Bi Lenzi akafikiri. "Siwezi."

"'Siwezi' haina k, lakini umeelewa." Mzee alifurahi kama kashinda kesi. "Mimi napanga cheti hiki, naenda vizuri, hiki, kuthibitisha, kwamba, nafika kwenye 'miaka', kijumba cha k kimebaki vumbi. Mwenye mtambo akasema agiza. Tukaagiza. Zilikuja baada ya miaka mitatu, saizi si yenyewe! Na chuo kinataka vyeti Ijumaa. Nikatazama makasha, nikaona h zimejaa, za kumwaga. Na ukiitazama h ya aina hii na k, ni ndugu, mgongo wao mmoja. Tofauti iko kiunoni na mguuni. Nikachukua tupa, ile nyembamba ya kunolea funguo, nikaichonga h kiuno. Ikawa k."

"Na mguu?"

"Mguu wa h umepinda ndani. Risasi unaweza kuipunguza, huwezi kuiongeza. Nikasema liwalo na liwe. Nani atatazama mguu wa k?" Akamtazama yule mama na lenzi yake mkononi. "Sikujua kama utazaliwa wewe."

Kutoka chini ya meza aliburuta kijisanduku cha mbao ambacho binti yake alikuwa anawekea nyuzi na sindano. Herufi zikamwagwa mezani, ndogo, nzito, za kijivu: k saba nzuri, na k kumi na tisa za tupa. Bi Lenzi alizishika moja moja. Tangu utoto alikuwa anazitazama herufi za miba kwenye karatasi, hakuwahi kushika hata moja. Zilikuwa baridi na zimeandikwa kinyumenyume. Angeweza kukaa pale mpaka jua lizame, na kwa dakika chache alisahau kabisa kilichomleta.

Kisha akakumbuka.

"Mzee, cheti cha chuo kile, mwaka ule, chenye k kumi na moja zote nzuri..."

"Hakipo."

"Labda ulichapa nusu kwanza, ukazirudia k zilezile kwenye nusu ya pili?"

"Nipitishe karatasi mtamboni mara mbili kwa ajili ya k? Mwanangu, nilikuwa na mke ananisubiri nyumbani. Hakipo. Ukikiona, basi mtu kakata k zangu nzuri, kabandika juu ya zile mbovu, kisha kapiga kopi kwenye karatasi nene. Hicho si cheti, hicho ni viraka."

Bi Lenzi aliaga, akatoka, akasimama kwenye kivuli cha duka la vigae. Kiraka alichokitafuta kwa mkunga kilikuwa sebuleni kwa wifi yake, ndani ya fremu ya dhahabu, nyuma ya kioo ambacho hakuwahi kukifungua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na siku hiyo aliona wazi kwamba walikuwa wanamsema yeye.

Na wifi huyu si wifi wa kusutana naye sokoni, jamani. Huyu ndiye aliyemshika mkono kwenye uzazi wa kwanza, ulipogoma. Huyu ndiye aliyelala chini wiki mbili ili mtoto asikose wa kumbeba. Kama Bi Lenzi angemtaja mtu mmoja aliyemwamini kuliko lenzi yake, angemtaja yeye. Ndiyo maana aliiamini ile picha.

Nyumbani alimweleza mume wake. Fundi alikuwa amefungua cherehani tumbo lote, vipande vimetandazwa kwenye gazeti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Ukinyamaza?"

"Mkunga anafukuzwa."

"Na ukisema?"

"Watamwita dada yako. Yeye na wale wawili niliowapitisha."

"Ni dada yangu."

"Najua ni dada yako."

Fundi akaokota skrubu, akalikosa tundu mara tatu. "Sheria msumeno, hukata mbele na nyuma," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani nyuma ni kwa watu wengine." Bi Lenzi hakumpigia wifi simu. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Aliogopa jibu, hilo ndilo la kweli. Siku zikaenda hivyo mpaka ikabaki moja.

Siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, chumba cha Mkuu wa kitengo kilijaa. Mkunga alikaa karibu na mlango na viatu vyake vyeupe. Mzee Risasi alivaa koti ambalo lilimpwaya, na mfukoni alikuwa na kopo la herufi. Hakusubiri kuombwa. Alizipanga k saba kwenye meza ya Mkuu, akazigonga moja moja kwenye kidau cha muhuri, akazichapa kwenye karatasi safi. Kisha akachapa nne za tupa. Bi Lenzi akaweka cheti pembeni, akamkabidhi Mkuu lenzi.

Mkuu alitazama kwa muda mrefu. "Zinafanana," alisema. "Ila kielelezo chako, ulichotumia mwanzo, kinasema vingine."

"Kielelezo changu ndicho chenye kasoro."

"Ni cha nani?"

Hapo ndipo mtu angeweza kumeza maneno, akasema picha ilipotea, akasema hakumbuki. Mkunga alikuwa anamtazama. "Cha wifi yangu," alisema Bi Lenzi. "Dada wa mume wangu. Nimeandika yote kwenye ripoti, pamoja na kosa langu. Nilihukumu kwa nakala, bila kushika karatasi na bila kumuuliza mwenyewe."

Mkuu akasaini. Bi Lenzi akapiga muhuri wa bluu kwenye faili la mkunga, muhuri ukakaa upande. Mkunga alikirudisha cheti kwenye bahasha ya plastiki, akampa mkono.

"Ahsante kwa kutazama mara ya pili," alisema. "Nakimbia. Nimemwacha mtu wodini na uchungu, asije akanisubiri mimi." Akaondoka, hata chai hakunywa.

Jioni ileile Bi Lenzi alikwenda kwa wifi. Wifi alikuwa anakunja nguo kwenye kochi. Akaambiwa yote, k saba, tupa, ripoti, muhuri. Uso wake ukabadilika polepole.

"Umeshaandika?"

"Nimeshaandika. Wiki ijayo mtaitwa, wewe na wenzako wawili."

"Umeniandika, wifi. Mimi." Nguo ikamponyoka. "Umemtafuta mzee wa watu mtaa wa vigae, umemuuliza. Mpaka muuza vigae umemuuliza. Mimi hukuniuliza!"

"Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utakachosema." Bi Lenzi alianza kulia, na yeye si mtu wa kulia. "Yule mkunga nilimpiga muhuri bila kumuuliza, nikaambiwa nimekosea, nikakiri mbele ya watu. Na kumbe wewe nilikuwa nimeshakufanyia kosa lilelile."

Wifi akavuta stuli. Alipanda juu ya stuli, akaishusha fremu, akailaza kifudifudi juu ya nguo safi. Akaleta kisu cha mezani, akang'oa vijisumari vya nyuma, akatoa kadibodi. Nyuma ya kadibodi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara moja, imegeuka manjano kwenye mkunjo.

"Shika. Si ndiyo kazi yako? Hesabu."

Bi Lenzi akaishika. Mgongo wa karatasi ulikuwa na vivimbe, mstari kwa mstari. Machozi yalimfanya asione vizuri, hakuhitaji lenzi, alihesabu kwa kidole. Hiki, kuthibitisha, kwamba, amekamilisha, kikamilifu, miaka. Saba. Kisha zile nne, miguu imepinda ndani.

"Cha kweli unacho," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa ulikificha kwa nini?"

"Kwa sababu ni kibaya! Nilikitundika, kila mgeni akija anauliza mbona herufi zako zinachechemea, ulisomea wapi, kwa fundi baiskeli? Tukaenda watatu kwa bwana mmoja mwenye mashine ya kopi, akatutengenezea vizuri. Na baadaye kazini walipotaka nakala, nikapeleka kizuri. Mtu unapeleka kizuri, si ndivyo? Sikujua kama nilikuwa naghushi mali yangu mwenyewe." Akakaa chini. "Na yule mkunga, mwenzetu yule, tulimwambia twende wote. Akasema yeye hana muda, kuna mama anajifungua."

Bi Lenzi akaiokota ile nguo iliyomponyoka wifi, akaikunja.

"Waambie wenzako," alisema Bi Lenzi, "wavilete vile vibaya. Vile vizuri vya kopi wasivilete kabisa. Nitakuwepo, nitaeleza. Sijui watasemaje, lakini nitakuwepo."

"Na wakiniadhibu?"

"Sijui, wifi. Nitakuwepo."

Wifi alifuta uso kwa kiganja. Akakitoa kile kizuri kwenye fremu, akakikunja, akakitupa kwenye kapu la nguo chafu. Kile cha manjano akakinyoosha juu ya kadibodi, akakisugua kwa ubavu wa mkono mpaka mkunjo ulale.

"Kesho utakichukua ukawaonyeshe hao wakubwa zako. Leo kikae ukutani, nikione." Akasukuma fremu upande wa Bi Lenzi. "Usinitazame hivyo, bado nimekasirika. Futa kioo hicho, kina vumbi."

Bi Lenzi akashika upindo wa gauni lake, akafuta.